Moyo unaodunda bila mpangilio na kiharusi: mwongozo kamili kwa anayeuguza mzazi na anayetaka kujikagua mwenyewe

Ukitaja kiharusi watu wanawaza presha tu, na ni kweli huku kwetu presha ndo inaongoza, ila kuna njia nyingine inapita kimya kimya na karibu hakuna anayeiulizia. Mzee presha yake inasoma vizuri, anaenda shamba, anakula, alafu asubuhi moja anaamka upande mmoja wa mwili hausikii na mdomo umekwenda pembeni. Akifika hospitali anapimwa moyo ndo inaonekana unadunda ovyo, na pengine umekuwa hivo miezi au miaka, na muda wote huo hakuna aliyewahi kumshika kifundo cha mkono akayasikiliza mapigo yake dakika moja nzima.

Hali yenyewe kitaalamu ni fibrilesheni ya atria, ila kwenye faili madaktari wanaandika AF kwa kifupi, kwaiyo ukiona herufi izo mbili kwenye cheti cha mzazi wako ujue ndo hii.

Kwanza elewa inavyotokea, maana bila hapa dawa zote hazitakuingia akilini

Moyo una vyumba vinne, viwili juu viwili chini. Kawaida umeme unaanzia sehemu moja tu juu upande wa kulia, unashuka, vyumba vya juu vinakamua, alafu vya chini vinafuata. Kwenye AF umeme unachomoka sehemu nyingi kwa mpigo, hasa karibu na mishipa inayoleta damu kutoka mapafuni, na vyumba vya juu vinaacha kukamua vinabaki vinatetemeka tu, zaidi ya mara 300 kwa dakika. Vya chini vinapokea ujumbe wa vurugu, ndo maana mapigo mkononi yanakuja hovyo, moja refu, mawili mafupi, kimya, moja tena.

Sasa kutetemeka peke yake hakumpoozeshi mtu. Shida ni damu inayobaki imetuama. Chumba cha juu kushoto kina kijimfuko pembeni, damu ikikaa humo bila kukamuliwa inafanya kama maziwa yaliyoachwa kwenye kibuyu, inaganda. Kwa watu wa AF ambao valvu zao, yaani vilango vya ndani ya moyo, ni nzima, karibu 90% ya madonge ya damu yanayopatikana ndani ya moyo yanatokea kwenye kijimfuko hicho. Siku donge likichomoka linapanda na mshipa wa shingoni mpaka kwenye ubongo, na kwa kuwa huwa ni kubwa linaziba mshipa mkubwa, kwaiyo kiharusi cha namna hii mara nyingi ni kizito kuliko vingine, watu wengi zaidi wanakufa na wanaopona wengi wanabaki wanahitaji mtu wa kuwasaidia kila siku.

Utafiti wa Framingham kule Marekani ulionyesha AF inaongeza hatari ya kiharusi karibu mara 5. Na kwa mtu ambaye valvu zake ziliharibiwa na ugonjwa wa moyo wa rumatiki, huo utafiti ulipata karibu mara 17. Hiyo ya pili iangalie vizuri maana ndo inatuhusu sana huku, ntaieleza mbele.

Hatua ya 1: shika mkono, hesabu

Hauhitaji mashine. Mtu akae atulie kama dakika tano, asiwe ametoka kunywa kahawa, kuvuta sigara wala kupanda ngazi. Geuza kiganja kiangalie juu, weka vidole vyako viwili, cha shahada na cha kati, kwenye kifundo chini ya dole gumba. Usitumie dole gumba lako maana lina mapigo yake utayachanganya. Ukiyapata, sikiliza sekunde 30 kwanza bila kuhesabu, sikiliza mpangilio tu. Kama yanaenda sawa sawa, vizuri. Kama yanakwenda kwa vurugu isiyoeleweka, hesabu dakika nzima.

Kawaida ni 60 mpaka 100 kwa dakika mtu akiwa ametulia. Ila hapa namba sio muhimu sana kuliko mpangilio, mtu anaweza kuwa na 80 safi kabisa na bado ana AF. Na kuna pigo linaloruka mara moja moja alafu mengine yanarudi kwenye mstari, hilo watu wengi wazima wanalo na mara nyingi halina shida, usije ukamtisha bibi bure. AF ni vurugu ya mfululizo, ukijaribu kubahatisha pigo linalofuata litakuja lini huwezi.

Jambo lingine, kwenye AF kuna mapigo dhaifu ambayo hayafiki mkononi, kwaiyo namba ya mkononi inaweza kuwa ndogo kuliko moyo unavyokimbia kweli, nesi akisikiliza kifuani anapata kubwa zaidi. Na mashine ya presha ya nyumbani inaweza kutoa majibu matatu tofauti kwa mtu huyo huyo, sio kwamba imekufa, mapigo hayalingani ndo maana, pima mara tatu uchukue wastani. Baadhi ya mashine zina alama ya moyo inayowaka zikikuta mapigo hayana mpangilio, ikiwaka zaidi ya mara moja usiipuuze.

Dalili za mwili zipo, moyo kwenda mbio ghafla, kuishiwa pumzi kwa kazi ndogo, kizunguzungu, uchovu usioeleweka, ila watu wengi hawasikii kitu kabisa, na kutosikia hakupunguzi hatari ya kiharusi hata kidogo. Ndo maana kila mtu wa miaka 65 kwenda juu, na kila mwenye presha, sukari au moyo uliotanuka, ashikwe mkono kila anapoenda kliniki. Kama hawamshiki, mwombe nesi, ni dakika moja tu.

Hatua ya 2: ECG, na usikubali kuondoka bila karatasi

AF inathibitishwa na ECG, kipimo cha umeme wa moyo, waya zinabandikwa kifuani, mikononi na miguuni, hakiumi na kinachukua dakika chache. Hospitali nyingi za wilaya na rufaa wanacho. Omba nakala ya karatasi, piga picha kwa simu uitunze, maana AF nyingine inakuja na kuondoka, leo ipo kesho haipo, na daktari wa moyo akiiona ile karatasi ya siku ilipokamatwa inamsaidia sana. Kama ECG imetoka safi ila mtu anaendelea kulalamika moyo unakimbia usiku, kuna kijimashine cha kuvaa saa 24 au zaidi kinaitwa Holta, ulizia hospitali kubwa.

Na hii ya kuja na kuondoka isikudanganye ukaiona ndogo, donge linaweza kutengenezwa nayo vile vile.

Hatua ya 3: tafuteni chanzo

Daktari atataka eko, ile altrasaundi ya moyo, aone valvu na ukubwa wa vyumba. Omba pia wapime homoni za tezi la shingo, maana tezi likifanya kazi kupita kiasi linaleta AF, na hapo ukitibu tezi moyo nao unaweza kurudi sawa. Figo pia zipimwe, na potasiamu, na wingi wa damu.

Chanzo kikubwa ni presha iliyokaa miaka bila kudhibitiwa. Kuna uzito, sukari, moyo kushindwa kusukuma damu, kukoroma sana usiku mpaka pumzi inakatika, na pombe, hasa ile ya kunywa nyingi kwa mkupuo siku za sikukuu.

Alafu kuna rumatiki. Mtoto anaumwa koo kwa bakteria, haitibiwi vizuri, baadae viungo vinavimba na homa, miaka inapita na valvu ya kushoto inakakamaa taratibu. Kule Ulaya AF ni ugonjwa wa wazee wa miaka 70 na 80, huku unakuta dada wa miaka 28 au 35, mara nyingi inagundulika akiwa mjamzito anaishiwa pumzi. Kwaiyo ukisikia AF ni ya wazee usiamini moja kwa moja, kijana mwenye historia ya kuumwa viungo utotoni au aliyeambiwa moyo wake una sauti ya ziada apimwe eko mapema, Dar wanampeleka Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili, Mwanza kuna Bugando, Moshi KCMC, Nairobi Kenyatta, Eldoret kuna hospitali ya rufaa ya Moi. Na kama anachoma sindano ya penisilini kila wiki tatu au nne asiache, hiyo inalinda valvu zisiharibike zaidi.

Hatua ya 4: piga hesabu ya hatari

Sio kila mwenye AF anapewa dawa ya kuzuia damu kuganda. Madaktari wana hesabu yao ambayo hata wewe unaweza kuipiga kwenye karatasi. Moyo kushindwa kusukuma damu pointi 1. Presha 1. Sukari 1. Ugonjwa wa mishipa, mfano aliwahi kupata shambulio la moyo, 1. Umri wa 65 mpaka 74 pointi 1, ukifika 75 zinakuwa 2. Na kama aliwahi kupata kiharusi, hata kile kidogo kilichoisha chenyewe ndani ya dakika au masaa, pointi 2.

Zikifika 2 kwenda juu dawa inashauriwa, ikiwa 1 mnakaa na daktari mnaamua. Hesabu ya zamani inaongeza pointi 1 kwa mwanamke, mwongozo wa Ulaya wa 2024 umeitoa, usishangae ukikuta zote mbili zinatumika. Mfano mama wa miaka 70 mwenye presha na sukari ana 3 tayari, hata kama anajisikia mzima na anapika mwenyewe.

Ila hesabu hii haimhusu mwenye valvu iliyokakamaa kwa rumatiki wala aliyewekewa valvu ya chuma. Hao wanapewa dawa moja kwa moja bila kuhesabu pointi.

Hatua ya 5: dawa gani

Anza na ambayo haifai kwa kazi hii, aspirini. Wazee wengi wanapewa junia aspirini wanaambiwa inatosha kulinda. Kwa AF haitoshi, inapunguza kidogo sana na kutokwa damu bado kupo. Utafiti wa AVERROES uliotoka 2011 ulilinganisha aspirini na apiksaban, viharusi vikapungua zaidi ya nusu kwa apiksaban na kutokwa damu kukubwa hakukutofautiana sana. Kwaiyo mzazi mwenye AF na pointi 2 au 3 akiwa kwenye aspirini peke yake, rudi ukaulize kwa heshima, daktari naomba tuliangalie hili tena. Ila usimwachishe mwenyewe, anaweza kuwa anaitumia kwa sababu nyingine.

Dawa za kweli ni makundi mawili. Wafarini ya zamani, inapunguza viharusi karibu theluthi mbili. Na mpya, apiksaban, rivaroksaban na dabigatran, ambazo hazihitaji kupima damu kila mara na zinaleta damu kuvuja kwenye ubongo kidogo kuliko wafarini, Shirika la Afya Duniani lilizitia kwenye orodha ya dawa muhimu 2019. Shida ni bei, na kama bima yako inazibeba au la ulizia kabla hujaanza, maana kuanza alafu hela ikakata katikati ni hatari. Nguvu yake inaisha ndani ya siku moja hivi, ukiruka leo kesho huna ulinzi.

Kwa valvu ya rumatiki iliyokakamaa au valvu ya chuma bado ni wafarini. Watu walitegemea mpya zingeshinda hata hapo, ila utafiti wa INVICTUS wa 2022, uliofanywa nchi nyingi Afrika ikiwemo, ulionyesha wagonjwa wa rumatiki waliotumia wafarini walikufa wachache kuliko wa rivaroksaban. Asije mtu wa famasi akakubadilishia kwa nia njema tu.

Mpya zina masharti madogo ila ya lazima: apiksaban mara mbili kwa siku, rivaroksaban ya miligramu 15 au 20 inaliwa pamoja na chakula, dabigatran kapsuli haifunguliwi wala kutafunwa, na figo zipimwe angalau mara moja kwa mwaka.

Hatua ya 6: kuishi na wafarini, hapa ndo watu wengi wanapoteleza

Utasikia jirani anasema hiyo dawa ya panya. Ni kweli ilianza hivo, ilitoka kwenye maabara ya chuo kikuu cha Wisconsin na mwaka 1948 ikauzwa kuua panya, alafu 1955 rais Eisenhower wa Marekani akapewa baada ya shambulio la moyo. Dozi ndo inayotofautisha, na dozi inalindwa na kipimo kimoja cha damu kinaitwa INR, kinaonyesha damu inachelewa kuganda kiasi gani.

Mtu asiye na dawa INR yake ni 1 hivi. Wa AF tunataka kati ya 2 na 3. Chini ya 2 damu inaganda, ikipanda juu ya 4 hatari ya kuvuja inakua haraka. Mwanzo unapima kila baada ya siku chache, alafu kila wiki, ikitulia unaenda mpaka kila mwezi. Dawa inachukua kama siku tano kufikia nguvu yake, kwaiyo ukibadilishiwa dozi leo usipime kesho ukategemea tofauti.

Nunua daftari dogo. Tarehe, INR, dozi, na kitu chochote kilichobadilika wiki hiyo. Meza jioni saa ile ile, weka alamu ya simu, jioni ni nzuri maana majibu ya INR yakitoka mchana unaweza kubadili dozi siku hiyo hiyo. Ukisahau na ukakumbuka siku hiyo meza, ukikumbuka kesho yake achana nayo endelea na ya kesho, usimeze mbili. Na usitegemee rangi ya kidonge, kampuni tofauti zina rangi tofauti, soma miligramu kila unapochukua dawa mpya.

Chakula: mchicha, matembele, kisamvu, sukuma wiki vina vitamini K ambayo inapunguza nguvu ya wafarini. Watu wanaambiwa waache mboga kabisa, sio sahihi na mboga ndo chakula chetu. Kula kiasi kinacholingana wiki hadi wiki. Kinachovuruga ni kukaa mwezi bila mboga alafu ukaenda kijijini ukala kisamvu mchana na usiku wiki mbili.

Dawa nyingine ndo balaa zaidi. Flajili, Septrini na flukonazo zinapandisha INR, na izo zinauzwa dirishani bila swali. Rifampisini ya TB inaishusha sana, na inapunguza hata nguvu ya zile mpya. Diklofenaki na ibuprofeni zinaumiza tumbo na kuongeza kutokwa damu, mzee wa wafarini akiumwa mgongo ni parasetamo, na hata hiyo sio dozi kubwa siku nyingi mfululizo. Dawa za mitishamba za kuchemsha sizisemi vibaya, ila hakuna anayejua zinafanya nini na INR yako, kwaiyo ukizianza mwambie daktari upime mapema. Kila ukiingia famasi au kwa daktari wa meno sentensi ya kwanza iwe natumia dawa ya kuzuia damu kuganda.

Mwanamke wa umri wa kuzaa ajue wafarini inaweza kumharibu mtoto tumboni hasa wiki za mwanzo. Akihisi ana mimba aende hospitali siku hiyo hiyo, asiache kimya kimya maana donge linaweza kumuua, kuna sindano za hepari za kumvusha na daktari ndo atapanga.

Dalili za kwenda haraka: kinyesi cheusi kama lami, mkojo mwekundu, puani damu isiyokata, kichwa kuuma vibaya ghafla, au mtu ameanguka akagonga kichwa hata kama anaonekana mzima. Familia nyingi zinaacha dawa zikiogopa mzee ataanguka. Kuna hesabu ya 1999 iliyokadiria kwamba mzee angehitaji kuanguka karibu mara 295 kwa mwaka ndo hatari ya kuvuja kwenye ubongo izidi faida ya dawa. Toeni mazulia yanayoteleza, wekeni taa ya chooni, dawa iendelee.

Na mapigo yakirudi sawa kwa dawa au kwa kushtuliwa na umeme, usiache dawa ya damu kwa kuona umepona. Kwenye utafiti mkubwa wa AFFIRM uliotoka 2002 viharusi vingi viliwapata walioacha wafarini au INR yao ilikuwa chini. Kinachoamua ni pointi zako za hatua ya 4, na hizo hazifutiki mapigo yakinyooka.

Hatua ya 7: ikitokea

Mwambie acheke, uone kama mdomo unakwenda upande. Ainue mikono yote, uone kama mmoja unashuka. Aseme sentensi ya kawaida, usikie kama maneno yanaburuzika au hayaeleweki. Kimoja tu kikiwepo na kimeanza ghafla, ondokeni muda huo huo. Upepo mbaya, jini, kuchua kwa mafuta, hayo masaa ndo yanayokula ubongo. Dawa ya kuyeyusha donge, pale inapopatikana, inatolewa ndani ya masaa 4 na nusu tangu dalili zianze na lazima CT scan, ile picha ya ndani ya ubongo, itangulie, kwaiyo pigeni simu mjue hospitali ipi ina CT scan inayofanya kazi leo, msipite vituo vitatu kwanza.

Njiani usimpe maji wala chakula, koo linaweza kuwa limepooza akapaliwa. Usimpe aspirini, hujui kama ni donge au ni mshipa umepasuka. Usimrundikie vidonge vya presha. Akitapika mlaze ubavu. Andika saa ya mwisho alipoonekana mzima, sio saa mliyomkuta, kama aliaga kulala saa 4 usiku na mmemkuta saa 12 asubuhi basi saa 4 ndo inayohesabika. Beba dawa zote na lile daftari, useme dozi ya mwisho ya dawa ya damu kameza saa ngapi, maana hiyo inaamua kama anaweza kupewa ya kuyeyusha au la. Dalili zikiisha zenyewe baada ya dakika kumi bado nendeni, pengine kikubwa kiko njiani.

Na kwa waliokwisha lazwa: kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani uliza kama alipimwa ECG. Kama hakupimwa omba ipimwe. Kama alipimwa na AF ipo, uliza ataanza lini dawa ya kuzuia damu kuganda, maana baada ya kiharusi daktari anasubiri kidogo kutegemea ukubwa wake, inaweza kuwa siku chache, inaweza kufika wiki mbili, na tarehe hiyo iandikwe kwenye karatasi ya kutokea wodini pamoja na jina la dawa, dozi, na kliniki gani atapima INR.